Uso na Mwanga wa Kuazima

Swali ninalotaka kulijadili hapa ni dogo kwa sura, walakini mizizi yake ni mirefu. Mtu akimpenda bingwa wa picha, akatamani kumfuata katika kazi yake, kisha akaenda kupiga picha ya uso wa mtu kwa rangi nyeusi na nyeupe kama bingwa yule alivyofanya, je, anachokiazima ni ufundi tu, au huazima pamoja nao hukumu ambayo bingwa aliipitisha juu ya watu wengine? Katika sanaa nyingi swali hili halina madhara. Mshairi kijana akiiga vina na mizani ya mkubwa wake, maneno hayaumii. Mchongaji akiiga mkono wa mwalimu wake, mpingo haulalamiki. Lakini kitu kinachotumiwa katika picha ya mtu ni uso wa kiumbe aliye hai, mwenye jina, jirani na madeni. Na uso huo ukipotoshwa, mwenyewe hana mwingine wa kuvaa.

Nalipeleka swali hili katika wilaya za Ngara na Biharamulo. Huko si kwenye wapiga picha wengi kuliko kwingine. Ila ndiko alikofanya sehemu ya kazi yake mmoja wa mabingwa wakubwa wa picha nyeusi na nyeupe duniani, kazi iliyomwongezea sifa na iliyomvunja moyo. Jina lake ni Sebastião Salgado, Mbrazili, aliyezaliwa Aimorés mwaka 1944 na kufariki Paris mwezi wa Mei 2025. Alisoma uchumi. Mwaka 1969 yeye na mkewe Lélia walikimbilia Ufaransa kwa ajili ya serikali ya kijeshi iliyotawala kwao; baadaye akaajiriwa London na Shirika la Kimataifa la Kahawa, na kwa kazi hiyo akasafiri mara kwa mara katika Afrika yetu, Rwanda ikiwamo. Mwaka 1973 aliuacha mshahara ule akashika kamera, ambayo kwanza ilinunuliwa kwa matumizi ya mkewe. Kwa hiyo nchi za vilima vya kahawa na chai alizijua kwanza kwa tarakimu, kisha kwa nyuso. Hili si jambo la kupuuzwa. Wengi wenye kamera hutujia kwa mpango ulio kinyume: nyuso kwanza, na tarakimu kamwe.

Mwaka 1994 alifika Benaco, wilaya ya Ngara. Yafaa msomaji kijana akumbushwe mambo ya mwaka ule. Kuanzia tarehe 28 Aprili, kwa muda upatao siku moja, umati ambao Umoja wa Mataifa uliukadiria kuwa watu karibu 250,000 ulivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Tanzania. Chini ya daraja hilo mto Kagera, pale unapoporomoka katika miamba, ulikuwa ukipitisha maiti wa mauaji ya kimbari. Baadhi yao walichukuliwa na maji mpaka Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Benaco, mahali palipopata jina kwa kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara, pakageuka katika majuma machache kuwa makao makubwa hata ikasemwa kuwa katika Tanzania nzima ni Dar es Salaam peke yake iliyopazidi kwa wingi wa watu. Hapo Salgado alipiga picha zilizoingia baadaye katika kitabu chake kikubwa cha wahamaji na wakimbizi wa dunia, kilichotoka mwaka 2000.

Aliyeziona picha hizo hazisahau. Moshi wa kuni umetanda juu ya vibanda. Umati hauna mwanzo wala mwisho. Mwanga waja kutoka nyuma ya watu, ukawapaka ukingo mweupe na kuuacha mwili katika kijivu kizito kama cha majivu. Salgado alisimulia asili ya mwanga huo. Alipokuwa mtoto, kwa sababu ngozi yake ilikuwa nyeupe mno, aliwekwa kivulini chini ya miti kumwepusha na jua kali la kwao, na kila baba yake alipomjia alimwona akitoka juani, jua likiwa mgongoni mwake. Mtoto alijifunza kuitazama dunia kutoka kivulini, na mtu mzima hakuiacha njia hiyo. Basi mwanga wa Benaco ulikuwa mwanga wa shamba la Aimorés. Hakuna ubaya hapo: kila jicho lina kwao. Ubaya huanza pale mwingine, asiyekua chini ya miti ile, anapouchukua mwanga ule kama koti la kukodi na kumvalisha mtu wa tatu.

Kabla sijafika huko, sina budi kumtetea Salgado kwa shtaka moja ambalo naliona si la haki. Wako waliosema kuwa picha zake ni nzuri mno, kwamba kuipamba taabu ni kuicheza taabu. Nathubutu kusema kuwa shtaka hilo limetoka kwa watu walioshiba. Nani alisema kuwa mkimbizi anastahili picha mbaya? Tunapomzika maskini twamwosha, twamvika sanda safi, twampanga vema. Hakuna asemaye kuwa tunaucheza umaskini wake. Picha iliyotiwa uangalifu ni namna ya adabu. Mwenye kuona ubovu wa picha kuwa ndio dalili ya ukweli wake, huyo ameuchanganya ukweli na haraka. Isitoshe, mtu huyu hakuondoka Benaco na Rwanda akiwa mzima. Alieleza mwenyewe kuwa mambo aliyoyaona mwaka ule na iliyofuata yalimwuguza mwili na roho, hata akapoteza imani juu ya binadamu. Akarudi katika shamba la wazazi wake lililokuwa limekauka, na kwa shauri la mkewe wakaanza kupanda miti. Taasisi waliyoianzisha mwaka 1998 imekwisha panda miti zaidi ya milioni 2. Mtu anayefanya mchezo hauguzwi hivyo na mchezo wake.

Shtaka la pili ni zito zaidi, nalo nalikubali. Mwandishi Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 2003 juu ya kuyatazama maumivu ya wengine, alilalamika kuwa watu wa picha hizi hawana majina. Wakubwa wa dunia hutajwa chini ya picha zao. Wanyonge huandikiwa mahali na mwaka tu. Benaco, Tanzania, 1994: basi. Mtu amekuwa mfano wa hali yake, kama punda wa picha ya kitabu cha shule alivyo mfano wa punda wote.

Lakini Sontag aliitazama hasara hii kwa upande wa mnyonge tu, na Benaco yatufundisha upande wa pili. Katika umati ule walikuwamo waliokimbia kifo, na walikuwamo waliokisababisha. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Rusumo upande wa Rwanda, alikuwa mmoja wa waliovuka, naye alikaa Benaco wakati huo kama mkimbizi mwingine. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari mwaka 2004, na rufani ya mwaka 2006 ikamwongezea adhabu kuwa kifungo cha maisha. Kamera ingalimwona nini mtu huyu asubuhi moja ya Mei, amejifunika blanketi, moshi ukimpita usoni, mwanga umemzunguka kichwa kama watakatifu wa makanisani? Ingalimwona mkimbizi. Mwanga haubagui, ndio utukufu wake, na ndio upofu wake pia. Kitu pekee ambacho kingaliweza kumtenga na mama aliyelala hatua kumi kutoka kwake ni jina. Kwa hiyo jina chini ya picha halitakiwi kwa ajili ya heshima peke yake. Latakiwa kwa ajili ya haki, maana pasipo jina mwenye hatia na asiye na hatia hushiriki uzuri ule ule.

Sasa tuje kwa mwigaji. Siku hizi si shida kumpata. Kamera imo ndani ya simu, na kijana wa chuo aliyezitazama picha za Salgado ataweza kwa dakika moja kuiondoa rangi, kuliongeza giza la anga, na kuikazia mistari ya uso wa mzee. Tuseme kijana huyo yuko Ngara. Atamtafuta nani? Hatamtafuta mwalimu wa sekondari aliyevaa tai, wala muuza vocha za simu, wala dereva wa lori. Atamtafuta mzee mwenye makunyanzi, mwenye nguo iliyochakaa, afadhali awe peku, na atamsimamisha mlimani dhidi ya mawingu. Picha itakuwa nzuri. Itasifiwa. Na mzee wa Kihangaza, mwenye migomba ekari tatu, mwenye kahawa, mwenye wajukuu wawili walioajiriwa Mwanza, atakuwa amegeuzwa mkimbizi.

Nataka hili lieleweke vema, kwa maana ndiyo roho ya hoja yangu. Namna ya kupiga picha si chombo kitupu. Ikitumika kwa nguvu juu ya jambo moja, hubaki na harufu ya jambo lile, kama kibuyu kilichowahi kutiwa pombe. Salgado aliutumia mwanga wake kwa watu waliopoteza kila kitu, nao ulisema kweli juu yao. Mwanga huo ukimwangukia mtu ambaye hakupoteza kitu, waendelea kusema neno lile lile, na sasa ni uwongo, ingawa hakuna kilichobuniwa katika picha: mzee ni yule yule, mawingu ni yale yale.

Tena katika wilaya hizi uwongo huo si wa kuchekesha. Wenyeji wa Ngara walishuhudia kambi zikija na kufungwa. Serikali ilipotangaza Desemba 1996 kuwa wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, walibaki na vilima vilivyokatwa miti kwa kuni, na pamoja na hayo wakabaki na sifa. Mtu wa mbali asikiapo Ngara huona wakimbizi. Kihangaza na Kirundi huelewana. Majina ya watu hufanana. Ukoo mmoja una makaburi pande mbili za mpaka uliochorwa na wageni. Kwa hiyo mtu wa huku aweza kuulizwa kwa ukali kuliko mtu wa Dodoma kuwa babu yake alizikwa wapi, kabla ya kukubaliwa kuwa ni raia. Mwaka 2013 ilipofanywa Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, kuwasaka wahamiaji wasio na kibali, walikuwamo miongoni mwa waliofungasha mizigo watu waliokaa Tanzania miongo mingi na wengine waliozaliwa humu. Mahali kama hapo, kuufanya uso wa raia ufanane na uso wa mkimbizi ni kuutilia shaka. Naona mwigaji hakuwahi kulifikiria jambo hili. Alikuwa akifikiria mawingu.

Je, dawa ni kuiacha picha nyeusi na nyeupe? La. Rangi hizo mbili hazina hatia, wala si mali ya huzuni. Picha za babu zetu zilikuwa nyeusi na nyeupe, nazo zimejaa majivuno. Ranchhod Oza alifungua studio yake, Capital Art Studio, mjini Zanzibar mwaka 1930, na kwa miongo mingi waliingia humo maarusi, makarani, wasafiri na mabibi waliovaa vizuri; Bamako, Seydou Keïta alifanya vivyo hivyo kuanzia mwaka 1948. Tazama nyuso hizo. Mtu amekuja kwa miguu yake, amelipa, amechagua kanzu au gauni, amekunja mkono ili saa ionekane. Anaitazama kamera kama mtu anayemtazama mdeni wake. Weusi na weupe wa studio na weusi na weupe wa Benaco vimetoka katika filamu ya namna moja, na kemikali za chumba cha giza zilikuwa zile zile. Ila katika studio aliyepigwa picha ndiye aliyeagiza kazi, na kambini aliyeagiza yuko mbali, anasoma gazeti. Tofauti yote imetoka hapo.

Mafundi watanisamehe nikisema neno juu ya kipimo cha mwanga, kwa kuwa maadili ya kazi hii yamejificha humo kuliko katika hotuba. Kipimo kilichomo ndani ya kamera hakimjui mtu. Kimetengenezwa kwa dhana kwamba dunia, ikikorogwa pamoja, hutoa kijivu cha wastani kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Msimamishe mtu mweusi mbele ya anga jeupe, kamera itaitii anga na kuutupa uso gizani. Anga litapendeza, kila wingu na mkunjo wake. Uso utakuwa kaa la moto lililozimika. Hapo mtu amekuwa umbo, si uso. Na umbo halihitaji jina. Mpiga picha akitaka uso, yampasa asogee, apime mwanga unaotua kwenye shavu lenyewe, kisha aiache anga iungue iwe nyeupe tupu. Atapoteza mawingu. Ni bei ndogo, lakini ni bei halisi, maana mawingu ndiyo yaliyompendeza katika kitabu cha bingwa. Kila mara anapopima mwanga, mpiga picha huchagua ni nani atakayetiiwa, mtu au mandhari. Na wengi huchagua bila kujua kuwa wamechagua.

Nilitaka kuliona jambo hili kwa macho badala ya kulibishania, kwa hiyo nilimwomba bibi mmoja wa kando ya Nyakahura, katika wilaya ya Biharamulo, anikubalie nimpige picha mbili. Ni mjane, mkulima wa mihogo na maharage, na mtu anayeitwa panapokuwa na ugomvi wa mipaka ya mashamba kwa sababu anakumbuka nani alipanda mti gani. Nilimweleza kuwa picha hazitakuwa na rangi. Akaingia ndani kubadili kitenge. Nikamwambia, "Bibi, rangi ya kitenge haitaonekana." Akajibu kutoka ndani, "Haitaonekana, lakini mimi nitajua."

Picha ya kwanza niliifanya kwa kumfuata Salgado kadiri ya uwezo wangu: shambani, jembe begani, jua nyuma yake, mawingu ya masika juu. Ya pili niliifanya barazani. Mwanga wa baraza yenye bati fupi ni laini. Huingia kwa upande mmoja, hupanda polepole kutoka sakafuni, na ngozi nyeusi huupokea kama ardhi ipokeavyo mvua ndogo. Nilimwacha akae apendavyo. Alikaa mikono juu ya magoti, kidevu juu, kitenge kimelainishwa, akanitazama mpaka nikaona haya kidogo.

Nilipomletea picha zilizosafishwa, aliishika ya kwanza kwa muda mrefu. "Huyu amefiwa," akasema. "Mwanangu, msiba wangu una miaka tisa. Mbona umeufukua?" Ya pili aliitazama mara moja tu. "Huyu namjua. Huyu hata mwenye duka atamkopesha." Mjukuu wake, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa likizo, akabisha. Aliipenda ya kwanza, akasema kuwa hiyo ndiyo inayoweza kushinda zawadi Ulaya. Nadhani alisema kweli. Kwa vipimo tunavyofundishwa, ya kwanza ni picha bora: ina kina, ina mvutano wa giza na nuru, jicho halitulii. Ya pili ni ya mwanamke aliyekaa barazani kwake. Lakini nilikuwa nimetafuta picha ya bibi yule, na katika ile bora hakuwamo.

Hapa msomaji makini atanizuia. Atasema: ukimfanya anayepigwa picha kuwa hakimu, umeua kazi ya mpiga picha, maana kila mtu hupenda kujiona mzuri. Mdhalimu atachagua picha anayotabasamu. Gacumbitsi naye angalichagua ile ya blanketi na moshi. Pingamizi hili ni la nguvu, na jibu la kwamba wote wana haki sawa halilitoshi. Naona haki hii haigawanywi sawasawa. Humwendea zaidi yule ambaye picha yaweza kumdhuru naye hana pa kujibia. Mkuu wa wilaya anayo hadubini ya mahakama, anao mawakili, anayo magazeti ya kukanusha. Picha yake ihukumiwe na kweli, hata ikimchukiza. Mjane wa Nyakahura hana gazeti. Picha yake ikisafiri kwenda kwenye maonyesho ya mji asioujua, ikaning'inizwa ukutani ikisema kuwa ameangamizwa, yeye hataitwa kutoa ushahidi. Basi ushahidi wake utolewe mapema, akiwa ameishika picha mkononi, na kauli yake iwe ya mwisho. Ndiyo maana ile ya kwanza iko kwangu, wala sijamwonyesha mtu mwingine.

Wala sisemi kuwa Salgado hakuyajua haya. Katika makambi mengi aliyopita, watoto walimzonga kwa wingi hata asiweze kufanya kazi. Akafanya nao mapatano: awapige picha mmoja mmoja, kisha wamwache aendelee. Kutokana na mapatano hayo kikatoka kitabu cha pili mwaka 2000, cha nyuso za watoto tupu. Humo umati umekwisha na moshi umepungua. Mtoto amesimama peke yake, ametengeneza uso wake mwenyewe, anatazama mbele. Amekuja kwenye kamera kwa kutaka, kama watu wa studio ya Zanzibar. Mimi nazihesabu kuwa picha zake zilizo bora, ijapokuwa hazitajwi sana. Na anayetaka kumwiga na aige hapo, katika mapatano yale. Anga la nyuma alisahau.

Lakini hata watoto hao hawakuandikwa majina. Na miaka ile ile, katika makambi ya wakimbizi wa Rwanda upande wa Goma, zilipigwa picha nyingine za watoto, ambazo hakuna mwalimu wa sanaa atakayezitaja: maelfu ya watoto waliopotezana na wazazi, kila mmoja amesimamishwa mbele ya kamera na namba yake, mwanga umewapiga usoni bila huruma. Picha zilibandikwa mbaoni, wazazi wakapita mbele yake wakitafuta. Uzuri hamna. Lakini mama aliyeutambua uso mmoja kati ya mamia alinyosha kidole, na namba ikamwambia mtoto yuko wapi. Zile za bingwa ziliwafanya watu wa mbali watoe fedha na machozi, jambo lisilo dogo. Hizi zilimrudisha mtoto mmoja kwa mama mmoja. Sioni kwa nini picha moja isiweze kujaribu kuwa na uangalifu wa ile ya kwanza na anwani ya hii ya pili. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 Benaco mwaka 1994 anakaribia miaka 40 sasa. Huenda anapita hapo kwa lori kuelekea Kigali, akisimama kula wali na maharage kando ya barabara, na uso wake wa utotoni umo katika maktaba za dunia nzima, wala hakuna njia ya kumfikishia nakala.

Bibi wa Nyakahura alipokwisha kuchagua picha yake, aliigeuza upande wa nyuma, akauona mweupe. Akamwita mjukuu alete kalamu. Akamtajia jina lake, jina la baba yake, kilima alikozaliwa, mwaka alioolewa kwa kuukisia, na jina la mtu aliyepanda mwembe unaoonekana kidogo nyuma ya bega lake. Mjukuu akaandika kwa herufi kubwa za chuo, na nafasi ikamwishia kabla hajafika kwa babu upande wa mama. Bibi akanigeukia, akaniuliza kama karatasi hizi hutengenezwa kubwa zaidi.